Pembetatu za Nyokabi

Kila Jumamosi, Nelima akishafua sare yake ya shule, alikwenda kwa Mama Maximilla, pale Yamumbi, kujifunza kushona. Mwezi huo wasichana walikuwa wakishona blanketi la viraka kwa ajili ya pacha wa jirani, Mama Wabuge. Watoto hao walizaliwa kabla ya wakati wao, na baridi ya Julai ilikuwa kali. Kila kiraka kilikuwa na pembetatu nyekundu na nyeupe zilizopangwa kama feni ya karatasi inayozungushwa na upepo. Ncha zote zilipaswa kukutana katikati.

Ncha za Nelima hazikukutana. Za Nyokabi, aliyejiunga nao juzijuzi tu, zilikutana kila mara.

"Hebu angalieni kazi hii," Mama Maximilla alisema. "Nyokabi, wewe utashona kiraka cha katikati ya blanketi."

Nelima aliinama. Yeye ndiye aliyetangulia kufundishwa hapo, na kiraka hicho alikuwa akikitamani kwa muda mrefu. Sasa hata kicheko cha Nyokabi kilimkera.

Nyokabi alipotoka kunywa maji, wenzao wakiwa wameinamia cherehani zao, Nelima alichukua mkasi, akavipunguza kidogo vipande vya mwenzake vilivyokuwa tayari mezani.

Nyokabi alirudi, akaviunganisha. Ncha zikapishana. Akafumua, akashona tena. Zikapishana tena. Machozi yakamlengalenga.

"Labda nilikuwa nabahatisha tu," alisema, akimsukumia Nelima kitambaa. "Shona wewe. Mimi sirudi tena."

Hicho ndicho Nelima alichokitaka, lakini mikono yake ilikataa kukipokea.

"Si kosa lako," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekata vipande vyako. Nilikuonea wivu."

Wasichana wengine wakaacha kushona, wakageuka.

"Kwani nilikukosea nini?" Nyokabi aliuliza.

"Hukunikosea. Nisamehe."

Mama Maximilla hakufoka. "Kitambaa chekundu kimeisha," alisema tu.

"Achukue changu," Nelima alijibu.

Nyokabi alikipokea kitambaa hicho. Kisha akakata miraba miwili, mwekundu na mweupe, akaipandanisha na kuchora mstari kutoka pembe hadi pembe.

"Nyanya yangu alinionyesha hivi," alisema, bado akiwa na kinyongo kidogo. "Shona pande zote mbili za mstari, ndipo ukate katikati. Ukikata pembetatu kwanza, ule upande wa mshazari unavutika."

"Mimi hukata kwanza!" Nelima alishangaa.

Walishona pamoja mpaka ncha zikakutana sawasawa. Nyokabi akatabasamu kwanza.

Mama Maximilla alikipiga pasi kiraka hicho, akamgeukia Nelima.

"Siku zote hizi ulitazama vipande vya Nyokabi ukitamani viharibike. Ungemuuliza tu, angekufundisha. Wivu umekuchelewesha kujifunza, na nusura ukukoseshe rafiki. Ukiona mwenzako ameweza, mwendee akuonyeshe."

"Nimesikia, Mama," Nelima alisema. Akakivuta kiti chake karibu na cha Nyokabi.