Neno Lililombakia Mwalimu

"Zuhura," mgonjwa alisema.

Mkewe akasimamisha kijiko hewani. Ilikuwa siku ya tano tangu mumewe aangushwe na kiharusi, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Umesema nani?"

"Zuhura."

"Mume wangu, mimi siitwi Zuhura."

"Zuhura! Zuhura!" Mwalimu, kama watu walivyomwita mumewe, alitoa macho. Mkono wa kushoto ulihangaika juu ya shuka. Wa kulia ulilala kama si wake.

Wifi mtu, dada wa mgonjwa, alikuwa upande wa pili wa kitanda akimenya chungwa. Akainamisha uso.

"Wifi, unamjua huyo?"

"Simjui, haki ya Mungu. Lakini mtu akirudi kutoka mlango wa kaburi, humwita aliye moyoni."

Fundi, maana mkewe alikuwa fundi cherehani na mtaa mzima ulimwita hivyo, akaichukua simu ya mumewe mezani. Hakuwahi kuipekua hata siku moja. Ujumbe wa juu ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Kinyozi: "Mwalimu, Jumamosi utupe habari za Zuhura vizuri. Nasikia ni moto huyo, hakuna mfano!"

Akaigeuza simu, akamwonyesha mumewe.

"Kumbe hata kinyozi anajua! Miaka kumi na tisa nakufulia, nakupikia, na Jumamosi zote hizo nadhani unafundisha! Haya, mwite aje akulishe."

Mwalimu akafungua mdomo. Shingo ilimtoka mishipa.

"Zuhura..."

"Unaona? Hata haya hana!"

Akaondoka. Nyuma yake alisikia mumewe akilia, kilio kisicho na neno, lakini hakugeuka.

Siku mbili alikanyaga cherehani kama anayeikomoa. Alishona mkono wa gauni ndani nje, akafumua, akaushona vilevile tena. Wifi yake akamwandikia: "Amekataa kula. Anatazama mlango tu."

Akajibu: "Mlango huo ataingia Zuhura."

Siku ya tatu alipigiwa simu na mwanamke asiyemjua.

"Mama, mimi ndiye ninayemfundisha mumeo kuzungumza upya. Njoo saa nne. Kuna jambo nataka ulione kwa macho yako."

Alikwenda shingo upande. Alimkuta mumewe kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, na yule mtaalamu aliyempigia akiwa na kadi za picha.

"Mwalimu, hiki ni nini?" Picha ya kikombe.

"Zuhura."

"Na hiki?" Ufunguo.

"Zuhura." Akapiga paja kwa hasira, alijua kabisa kwamba amekosea.

Mtaalamu akamwelekeza kwa mkewe. "Na huyu?"

Mwalimu akamtazama mkewe. Midomo ikatetemeka, ikatafuta, ikakosa.

"Zuhura," akasema, machozi yakamtoka.

"Umeona, mama? Ubongo umeumia sehemu ya maneno. Anajua anachotaka kusema, lakini linalotoka ni hilo moja tu."

"Kwa nini liwe hilo? Kwa nini liwe jina la mwanamke?"

"Mwanamke gani, shemeji?" Mwanamume mmoja aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi ndiye Kinyozi. Zuhura ni sayari! Mwalimu anatufundisha habari za anga pale maktaba, sisi watu wazima tusiojua hesabu. Watu wanaiita nyota ya asubuhi, yeye akatukatalia. Nyota inawaka yenyewe, sayari inaazima mwanga wa jua. Na hakuna sayari yenye joto kama hiyo. Jumamosi ile kiharusi kilipompata, alikuwa anaandika jina lake ubaoni, chaki ikamponyoka. Tukadhani anatania."

Fundi akaketi bila kuangalia kama pana kiti. Mara ngapi mumewe alianza, "Mke wangu, unajua jioni hii nimeona nini?" Na mara ngapi yeye alijibu, "Ngoja nimalize pindo hili"?

"Atapona?"

"Wengine maneno huwarudia," mtaalamu alisema. "Wengine hayarudi. Siwezi kukudanganya, mama."

Fundi akapiga magoti mbele ya kiti.

"Nilikutukana ukiwa huwezi kujitetea. Kama umenisamehe, nifinye mkono. Usiseme kitu."

Alingoja. Mwalimu alimtazama muda mrefu, mrefu mno, hata Fundi akaanza kuondoa vidole vyake. Hapo ndipo alipofinywa, hafifu.

Mwezi uliofuata, Jumamosi alasiri, alimsukuma mumewe hadi maktaba. Wanafunzi tisa walisimama. Fundi akafungua daftari la Mwalimu na kusoma kwa kusitasita, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Jua letu ni nyota moja tu kati ya mabilioni ya nyota zilizokusanyika pamoja. Mkusanyiko huo huitwa galaksi. Na zipo galaksi nyingine, nyingi kupita hesabu." Akageuza ukurasa. Ulikuwa mweupe, Mwalimu hakuwahi kufika hapo.

Mama mmoja muuza vitabu akanyoosha mkono. "Sasa hizo galaksi zinaishia wapi? Baada yake kuna nini?"

Fundi akamgeukia mumewe. Uso wa Mwalimu uliwaka. Jibu alikuwa nalo, kila mtu aliliona likimpanda kooni. Akavuta pumzi, akainua mkono wake mmoja, akajaribu.

"Zu... Zu..."

Mkono ukaanguka pajani. Mama yule akafunika mdomo kwa aibu.

"Usijali, dada," Fundi alisema. Akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa mumewe na kumfuta kidevu kwa ncha ya kitenge. "Jibu Mwalimu analijua. Mimi silijui. Tutamngoja."

Kinyozi akaweka kalamu chini. Hakuna aliyeinuka.