Mraba Usio na Moshi

Mraba wenyewe ulikuwa na sifuri, basi. Kitu kidogo, na mtu mwenye akili angekiruka kama anavyomruka paka aliyelala mlangoni. Ila ofisi ile haikuwa na mtu mwenye akili. Ilikuwa na Daktari, na ilikuwa na Kiraka.

Kazi yao ilikuwa hivi. Dunia nzima, bahari na nchi kavu, imekatwa miraba ndani ya kompyuta, kama karatasi ya hesabu. Kila mraba umeandikiwa umetoa moshi kiasi gani, mwaka kwa mwaka, tangu enzi za mababu wa mababu: moshi wa kuni, wa makaa ya mawe, wa viwanda, wa magari. Faili hilo wanapewa wataalamu wa tabianchi, nao wanalimimina kwenye modeli zao ili wajue joto hili limetoka wapi na linatupeleka wapi. Kazi ya maana, hakuna anayebisha. Lakini hata sufuria nzuri ina mpishi wake.

Daktari alikuwa na shahada tatu na rafiki hana hata mmoja. Mke hakuoa, ndugu aligombana nao juu ya nyumba ya marehemu baba yao, na simu yake haikuwahi kuita kwa jambo ambalo si kazi. Kiraka aliishia kidato cha pili. Kompyuta alijifunza kwa kufungua zilizokufa, na aliamini kwamba kama si yeye dunia isingekuwa na historia. Jina la Kiraka alilipata kwa kazi yake ya kuziba mapengo. Mraba ukikosa namba, anachukua minane inayouzunguka, anapiga wastani, anaupa.

"Jirani zako wakifuka, na wewe unafuka," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Chumba kilikuwa kidogo, mashine zimekula nusu yake. Kwa hiyo meza za hawa wawili ziligusana, na kwa saa nane kila siku walikaa bega kwa bega, kila mmoja akimdharau mwenzake kwa utulivu.

Sasa, mraba ule. Uko katikati ya nyika, hauna mji, hauna hata zizi. Setelaiti zinaona moto hapo kila mwaka. Wasafiri wa zamani nao waliandika kwamba ardhi ya hapo inawaka. Lakini safu ya moshi ni sifuri, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho.

"Hili si pengo, mkuu," Kiraka alisema. "Pengo ni pale tusipojua. Hii ni sifuri. Mtu alipima, akaukosa moshi."

"Moto bila moshi uliuona wapi wewe?"

Swali hilo mtoto yeyote aliyewahi kukaa na bibi yake angelijibu, maana kila bibi anajua ni viumbe gani waliofinyangwa kwa moto usio na moshi. Daktari alikaa na vitabu.

"Kuna maelezo humu," Kiraka akasema. "Mtunzaji aliyetangulia ameandika: Hapa msijaze."

"Aliyetangulia alistaafu na mkongojo. Jaza."

Akasema kwa mdomo, kama desturi yake. Daktari hakuwahi kuandika amri. Faili likiguswa linauliza jina la aliyeligusa, na jina hilo linabaki kwenye historia ya faili, halibadiliki ila kwa nenosiri la Daktari. Mambo yakiharibika, Daktari alitaka jina lisiwe lake. Kiraka alilijua hilo vizuri sana, lakini sifa zilimzidi. Akajaza miaka yote, wastani wa majirani wanane, akaandika jina lake kubwa kubwa. Siku iyo hiyo Daktari akalitoa toleo jipya, watu wakalichukua.

Mtasema jini akaja usiku, upepo ukavuma, mbwa wakalia. Hao wa usiku ni vibaka. Huyu alikuja mchana kweupe, saa za kazi.

Mke wa Kiraka alikuwa fundi cherehani, mdomo wake una makali kuliko mkasi wake. Wiki ile alikuwa anashona sare nyeupe za wauguzi, nyumbani kwao, chumbani, dirisha wazi. Kiraka aliporudi akamkuta amesimama na gauni mkononi.

"Umeshika nguo zangu na mikono yako ya grisi?"

"Grisi gani? Mimi ni mtu wa data."

"Basi data yako inachafua." Akamwonyesha. Kwenye kola palikuwa na doa jeusi, masizi makavu, kama mtu ameegemeza shavu hapo. "Na nani kachoma kuni humu ndani?"

Wao walipikia gesi. Kuni hazikuwahi kuvuka kizingiti kile. Lakini Kiraka alivuta pumzi, akaisikia harufu ya kuni mbichi zinazokataa kuwaka, na ilikuwa inatoka mdomoni mwa mkewe.

Siku mbili ilikuwa kuni. Siku ya tatu akaanza kukohoa, na leso ikatoka na weusi. Hospitali wakampiga picha ya kifua. Tabibu akaiinua kwenye mwanga, akaitazama, akamtazama mwanamke, akaitazama tena.

"Dada, umefanya kazi kwenye tanuri miaka mingapi?"

"Nina miaka ishirini na sita. Nashona."

"Mapafu haya yamevuta moshi wa miaka mingi kuliko umri wako," tabibu akasema, kisha akawapa dawa ya kikohozi, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo.

Siku ya tano harufu ikabadilika. Ikawa nzito, ya kiberiti, ya makaa ya mawe, na ndipo Kiraka aliyekuwa akijisifu kwamba analijua faili lile kama kiganja chake alipohisi kiganja chenyewe kinapoa, kwa sababu kuni kwanza na makaa ya mawe baadaye ndiyo mpangilio wa faili, ndiyo miaka yenyewe inavyofuatana, na kama ni hivyo basi mwanamke yule alikuwa anavutishwa ule moshi wa kubandikwa, mwaka baada ya mwaka, kutoka juu ya safu kwenda chini, na chini ya safu kulikuwa na mwaka huu, na baada ya mwaka huu faili halina kitu.

Siku ya saba ikaja dizeli.

Mchana ule alikaa kando ya kitanda akasikia sauti chini ya kikohozi, fuu, fuu, kama mtu anapuliza jiko taratibu, bila haraka, mtu mwenye siku nzima mbele yake. Na cherehani kule pembeni, ambalo halikuguswa na mguu wa mtu tangu juzi, likawa linazunguka gurudumu lake pole pole, sindano inapanda na kushuka kwenye kitambaa cheupe, na pale ilipotoboa haikuacha uzi, iliacha vitundu vyeusi vilivyoungua ukingoni, vimejipanga mistari kwa mistari, miraba kwa miraba.

"Mwite shangazi," mkewe akasema kwa pumzi fupi.

"Shangazi yako ananidharau."

"Ana sababu. Mwite."

Shangazi alikuwa mganga, lakini si wale wa kupaka watu majivu. Alikuja na mkoba wa kiofisi na miwani. Akamtazama mgonjwa, akanusa hewa, akamgeukia Kiraka.

"Mkwe, umemfanyia nini mtu?"

"Mimi? Mtu gani?"

"Kaa kimya basi." Akavuta kiti hadi usoni kwa mpwa wake. Akanong'ona, "Uliye humo, salamu. Sikufukuzi. Nataka kujua shida."

Mwanamke akafumbua macho. Macho yalikuwa yake, ila aliyetazama kupitia hayo alikuwa mwingine, na alitazama chumba kile kama bwana mkubwa anayesubirishwa chooni.

"Nyinyi mnafuka," sauti ikasema, nayo haikuwa nzito wala ya kutisha, ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na wajinga. "Mkipika mnafuka. Mkisafiri mnafuka. Mkigombana mnachomeana nyumba, mnafuka. Mimi nimewaka kabla babu yenu hajajua kugonga jiwe kwa jiwe, na sijawahi kuchafua hata ubawa wa nzi. Kitu kimoja tu kiliandikwa juu yangu kwenye vitabu vyenu vyote, na kilikuwa kweli. Leo kijitu cha kupanga namba kimenivika uchafu wa majirani."

Kiraka akanong'ona, "Niliamriwa."

"Nimesoma historia. Jina lililomo ni lako."

"Basi ungekuja kwangu. Mke wangu kakosa nini?"

"Ulinipa moshi wa majirani zangu. Nami moshi huo huo nimempa jirani yako, yule wa karibu kuliko wote." Midomo ya mwanamke ikajikunja kidogo. "Hesabu ni yako. Mimi nimefuata tu."

Kisha akaondoka machoni, na kikohozi kikarudi.

Shangazi akavua miwani, akaifuta. Kioo kilikuwa na masizi. "Hafukuzwi huyu, mkwe. Nyinyi ndio mlioingia kwake. Rudisha ile sifuri, na wote waliochukua faili uwaandikie kwamba ulikosea. Leo hii."

"Kutoa toleo kunataka nenosiri la Daktari."

"Basi anza na barua. Mistari mitatu. Barua nayo inataka nenosiri?"

Haikutaka. Lakini barua ile ingemfukuzisha kazi, na mbaya zaidi, ingesema Kiraka amekosea. Akajikuna kichwa.

"Na nikusikie vizuri," shangazi akaongeza, maana alimjua. "Nimesema usahihishe. Sijasema umhamishe."

Kiraka akaenda ofisini mbio. Akamwambia Daktari yote, kwa sauti ya chini, hadi cherehani.

Daktari akamsikiliza huku anasafisha kucha. "Umemaliza? Toleo limeshatoka. Vituo zaidi ya mia vinaliendesha. Nikalirudishe niseme nini? Jini kakasirika? Haya ndiyo matunda ya kidato cha pili."

Pale pale, kwa hasira, Kiraka akapata akili, au kile alichokiita akili.

"Sawa, mkuu. Nilidhani tu nikueleze kabla sijasafiri."

"Unasafiri wapi?"

"Wale wa vituo vikubwa wamesifu sana mraba ule. Wanasema aliyeujaza ni bingwa. Wameangalia historia ya faili, wameona jina langu, wananiita mkutanoni nikahutubie." Ulikuwa uongo, kila neno. "Nitakuletea zawadi."

Daktari akageuza kioo cha kompyuta yake kidogo ili kisionekane, na Kiraka akasikia vidole vinagonga. Alipofungua faili dakika tano baadaye, historia ilisomeka: umejazwa na Daktari, na shahada zote tatu zimefuata nyuma kama mkia. Jina la Kiraka halikuwepo popote. Ni mara ya kwanza mtu kuibiwa sifa akatoka ofisini anapiga mluzi.

Nyumbani mkewe alikuwa ameketi, anakunywa maji. Leso ilikuwa nyeupe. Cherehani lilikuwa limetulia.

"Umefanya alivyosema shangazi?"

"Nimefanya zaidi."

"Hilo 'zaidi' lako ndilo linaloniogopesha," mkewe akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na kwa siku tatu nyumba ile ikawa na amani, Kiraka akijipigia makofi moyoni, akisubiri kumwona Daktari akipauka.

Daktari hakupauka. Alikuja kazini na tai mpya. Alinenepa.

"Hujambo, mkuu?" Kiraka akamwuliza asubuhi ya nne. "Kifua?"

"Kifua changu kina nini?"

"Na nyumbani, hawajambo?"

"Nyumbani nani? Unajua naishi peke yangu."

Kiraka akacheka. Kisha kicheko kikamkwama katikati, kwa sababu hesabu ni kitu kimoja alichokiweza kweli, na hesabu ilikuwa inajipiga yenyewe kichwani mwake bila kuombwa: mke hana, ndugu hawasemezani, rafiki hana, nyumba yake iko peke yake mwisho wa barabara, na kwa saa nane kila siku, bega kwa bega, meza kwa meza, aliye karibu naye kuliko binadamu wote chini ya jua ni mmoja tu, na papo hapo, chini ya mlio wa mashine, sikioni kwake kabisa, akasikia mtu anapuliza jiko, fuu, fuu, bila haraka.

Akavuta kibodi aandike ile barua. Mistari mitatu. Wa kwanza haujaisha, kifua kikamshika, akakohoa kwenye leso nyeupe aliyoshonewa na mkewe.

"Njoo, njoo," Daktari akasema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao, akimvutia kiti chake hadi magoti yao yakagusana. "Sogea karibu nikusomee hotuba yangu ya mkutano."

Kiraka akaifunua leso. Doa lilikuwa dogo, la kijivu. Akalinusa. Kuni mbichi. Mwaka wa kwanza.