Kiota Kando ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidole alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kujaza ndoo mbili za maji, na kufuta vumbi kwenye cherehani ya mama yake. Zamani kazi hizo zilimchukua nusu saa. Siku hizi zilimchukua saa nzima, na bado majani makavu yalibaki upande mmoja wa uwanja, kwa sababu alifagia kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulishika kamera.

Jina la Kidole alipewa na shangazi yake, mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja mtaa wa pili. Shangazi aliponunua kamera mpya, ile ya zamani alimwazima binti wa kaka yake, pamoja na lenzi yake ndefu, akamwonyesha pa kubonyeza. Tangu siku hiyo kidole cha msichana hakikutoka kwenye kitufe. Jina likamganda, hata mwalimu alilitumia alipojisahau.

Mwanzoni alipiga picha ya chochote kilichokuwa mbele yake: paka, viatu, sufuria. Kisha ndege mdogo akatua kwenye kamba ya nguo. Kidole akabonyeza. Alipotazama, picha ilikuwa na mkia tu. Ndege mwenyewe alishaondoka. Mtu mwingine angecheka na kuendelea na shughuli zake. Yeye alikasirika, akamsubiri. Siku ya tatu alimpata mzima, jicho likimeta, mdudu mdomoni. Basi, hakushikika tena.

Ndege ni mteja mgumu. Haambiwi kaa sawa, haambiwi tabasamu. Ndiyo maana ukimpata, moyo unaruka, na ukisharuka mara moja unataka uruke tena. "Moja tu, mama," Kidole alisema kila alipoitwa kula. Ile moja haikuwahi kuwa moja. Chai ilipoa. Hesabu za nyumbani zilifanywa njiani, daftari likiwa mgongoni kwa rafiki yake aliyeketi naye dawati moja, naye rafiki akilalamika kwamba kalamu inamtekenya.

Kando ya tangi la maji nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka kinene. Humo ndimo shorewanda wawili walijenga kiota, ndege wale wenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia. Kidole aliyaona mayai matatu, na baada ya siku kadhaa akaona makinda matatu, mekundu, hayana manyoya, shingo nyembamba kama utambi. Akapiga picha nyingi. Tatizo lilikuwa moja: kila picha ilikuwa na jani mbele yake.

Alimwonyesha rafiki yake ile aliyoiona bora. Rafiki aliitazama kwa makini.

"Picha nzuri sana ya jani," alisema. "Na huyu mdudu mwekundu nyuma yake ni nani?"

Mdudu mwekundu alikuwa mdomo wa kinda. Kidole hakucheka. Kutwa nzima darasani alikuwa anafikiria lile jani.

Jumamosi mama yake alitoka mapema kupeleka sare alizozishona. Mkasi wake ulibaki mezani. Mkasi ule haukuguswa na mtu mwingine. Haukukata karatasi, haukukata kucha, haukukata hata kamba ya mzigo. Ulikata kitambaa tu, na nyumba nzima ilijua hivyo. Kidole aliuchukua, akaenda kwenye kichaka, akakata jani moja.

Nyuma ya jani hilo palikuwa na jingine. Akakata kijiti, kisha tawi dogo. Tawi kubwa zaidi lilikuwa gumu kwa mkasi, kwa hiyo akalivuta pembeni na kulifunga kwa uzi kwenye bomba la tangi. Mwanga ukaingia kama mtu amefungua dirisha. Makinda yalionekana yote matatu, safi, bila kizuizi. Kidole akachuchumaa akaanza kubonyeza.

Shorewanda mmoja alitua kwenye waya wa umeme na panzi mdomoni. Alilia, akaruka, akatua tena palepale. Kidole alimwona. Akajiambia kwamba atazoea. Alibaki pale hadi jua likapanda juu ya paa, na ndipo alipoipata picha aliyoitamani: vichwa vitatu vimeinuliwa, midomo mitatu wazi kabisa. Akarudisha mkasi mezani, akakimbilia studio.

Ilikuwa saa nne. Studio ilijaa watu waliotaka picha za pasipoti, na shangazi alikuwa anahangaika na mzee ambaye kila akiambiwa ainue kidevu alifumba macho. Kidole alimwamkia, akamwekea kamera mbele ya uso. Shangazi aliitazama picha kwenye kioo kile kidogo, akasema hajawahi kuona kazi nzuri hivi kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Akamuuliza mwanga ule umeingiaje ndani ya kichaka.

"Upepo," Kidole alijibu. "Upepo uliangusha matawi."

Shangazi aliguna, akasema ataisafisha kubwa waitundike ukutani, kisha akarudi kwa mzee wake. Kidole akaketi kwenye benchi. Aliangalia ukuta akichagua mahali pa kuitundika. Lakini kila alipopachagua, alimwona yule ndege juu ya waya na panzi wake, na ikambidi aanze kuchagua upya.

Ilipita saa nzima kabla watu hawajapungua. Shangazi aliihamishia picha kwenye kompyuta, akaikuza hadi midomo mitatu ikajaza kioo. Kisha akamwita Kidole karibu, akamuuliza anaona nini. Kidole akasema makinda yanaomba chakula.

"Kuku wakizidiwa na jua la mchana hufanya nini?" shangazi aliuliza.

Kidole aliwajua kuku. Walijibanza kwenye kivuli, midomo wazi, koo zikipigapiga. Aliitazama tena picha yake, na mara hii hakuona makinda yakiomba kitu. Aliona yakihema.

Shangazi alisogeza picha hadi pembeni. Palikuwa na kisiki cha kijiti, cheupe, kimekatwa kwa mshazari.

"Upepo huvunja, mwanangu. Haukati. Nani amekata?"

"Mimi," Kidole alisema. "Nimekata, na tawi moja nimelifunga. Bado limefungwa mpaka sasa hivi."

Shangazi hakugomba. Alimwambia mteja wa mwisho aketi, asivue tai, atarudi. Akafunga mlango, wakatoka mbio, shangazi akiwa ameshika kandambili zake mkononi.

Nyumbani walimkuta mama amesharudi. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, anageuza mkasi mbele ya dirisha. Kitambaa kilikuwa kimechanika badala ya kukatika, na kwenye makali paliganda utomvu mweusi. Kidole hakungoja aulizwe. Akamwambia yote kwa pumzi moja: mkasi, tawi, uzi, jua, na uongo wa upepo.

Mama aliuweka mkasi chini.

"Wifi, kafungue tawi," alimwambia shangazi. "Wewe, nipe kile kitambaa cha kijani pale chini."

Kilikuwa kipande kilichobaki kwenye sare. Waliinama kwenye kichaka. Shangazi aliukata uzi kwa meno, tawi likarudi mahali pake, lakini halikutosha kuziba uwazi ulioachwa na mkasi. Mama alikitandaza kitambaa juu ya vijiti, mbali kidogo na kiota, akakifunga pembe nne ili kivuli kianguke juu ya makinda na ndege wapate njia ya kuingilia. Halafu akawaamuru wote waingie ndani. Kidole alipotaka kuchungulia kidogo tu, mama alimshika bega akamgeuza.

Walisimama nyuma ya pazia la chumba cha kushonea. Mama alikuwa na sare sita za kumaliza siku ile, lakini hakuwasha cherehani, kwa sababu ya kelele. Shorewanda walikuwa bado kwenye waya, wote wawili. Walikiangalia kitambaa. Mmoja akashuka hadi juu ya tangi, akapanda tena. Kidole alijikuta kidole kinabonyeza hewa, akakificha kwapani. Hatimaye ndege yule akashuka moja kwa moja, akainama chini ya kitambaa, akaingia.

Shangazi alishusha pumzi, akasema ana mtu amevaa tai studio, akaondoka.

Jioni mama aliruhusu Kidole atazame mara moja, kwa mbali. Vichwa viwili viliinuka. Cha tatu kilikuwa kimelala ukingoni na hakikuinuka tena. Kidole alirudi ndani, na mama hakumuuliza, maana uso wake ulisema.

Kesho yake Kidole alimpelekea shangazi kamera. Shangazi hakuipokea. Alimwambia hajakosea kupenda ndege. Yeye mwenyewe ameacha wali ukaungua kwa ajili ya picha, tena si mara moja. Lakini kitu unachokipenda kikianza kukuamrisha, alisema, kiweke chini kwanza, mpaka wewe ndiye unayekiamrisha. Na ndege aliye na makinda haendewi karibu, hata awe na rangi gani. Kidole aliiweka kamera juu ya kabati hadi makinda yatakaporuka.

Siku zile alifagia uwanja kwa mikono miwili. Alinywa chai ya moto. Asubuhi ya siku ya tisa alikuwa ameshika ndoo aliposikia kelele kwenye kichaka, akaona kinda la kwanza likiruka kwa kupepesuka hadi juu ya tangi, na la pili likilifuata, nusura lianguke. Alisimama na ndoo yake mpaka yote mawili yakafika kwenye waya. Kisha akaingia kumsimulia mama, akiigiza kwa mikono jinsi lile la pili lilivyoyumba.

Mama alicheka, akasimamisha cherehani. Halafu akasema kwamba bado kuna neno alikuwa hajamwambia.

"Mkasi nimeunoa, umepona. Kukata majani ulikata kwa kutojua, na hilo nimekusamehe. Lakini shangazi yako alikuuliza saa nne, ukamjibu upepo. Jua halikusubiri mpaka akuulize tena. Leo wangeruka watatu. Kuna kosa ambalo saa nne linatengenezeka, na saa tano halitengenezeki. Kwa hiyo ukikosea, sema siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, hata kama hakuna aliyekuuliza."

Kidole aliitikia kwa kichwa. Mama akauvuta mguu wa suruali uliokuwa kwenye cherehani, akaendelea kushona.