Kopo la Ndago

"Ni wewe! Kama si wewe, ni nani? Wewe ndiye uliyeiua miche yangu!"

"Mimi? Nina karoti zangu za kunishughulisha. Miche yako imekufa kwa kuiona sura yako."

Chiriku alitaka kumrukia. Bi Funguo, msimamizi wa bustani, alimdaka ukosi wa blauzi akamrudisha nyuma kama anayemvuta mbuzi.

"Simama hapo hapo! Hapa ni bustani, si uwanja wa ndondi. Miwani, na wewe funga mdomo."

Wasichana wale wawili walisoma darasa moja, na wote walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu asubuhi. Miwani alikuwa na miwani minene, na ulimi mkali zaidi ya wembe. Kitalu cha Chiriku kilikuwa namba kumi na nne. Cha Miwani, alichokilima kwa niaba ya babu yake mwenye magoti mabovu, kilikuwa namba kumi na tano. Kati yao palikuwa na kamba tu.

Chiriku alinyoosha kidole kwenye tuta lake. Miche ishirini na nne ya kabichi ilikuwa imelala chali. Kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

"Jumamosi niliipanda ikiwa mizima. Leo Jumatatu imeungua yote. Tuta lake halijaguswa. Babu yake alikitaka kitalu hiki akanyimwa. Siku ya kwanza tu Miwani huyu aliniambia, 'Utachoka kabla mwezi haujaisha, na kitalu kitakuja kwetu.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema," Miwani alijibu. "Na bado nasema. Mkulima wa kwenye daftari wewe!"

Bi Funguo alitikisa rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. "Nisikilizeni. Sheria ya hapa mnaijua: anayeharibu cha mwenzake anatoka, awe mgeni au mwenyeji. Nitachunguza. Ijumaa saa kumi jioni nitatoa uamuzi."

Chiriku alirudi nyumbani akiitafuna hasira yake njia nzima. Si kwamba kabichi zenyewe zilikuwa nyingi. Lakini mama yake alikuwa amesubiri mwaka mzima kwenye orodha ya halmashauri ili wapate kitalu. Walipokipata, kilikuwa kimekaa miaka minne bila mtu. Nyasi zilimfika Chiriku kiunoni, na ndani yake mlikuwa na matairi mawili, kiti kisicho na miguu na nyoka mmoja aliyehama bila kuaga. Walikifyeka wiki tano mfululizo. Siku za mapumziko za mama, ambaye alifua mashuka ya hospitali, ziliishia pale.

Kazi mbaya kuliko zote ilikuwa ndago. Juu ya ardhi, ndago ni nyasi ya kawaida tu. Chini, ina punje ngumu nyeusi, ndogo kama choroko, na kila punje huzaa nyingine. Walichekecha udongo koleo kwa koleo wakajaza ndoo.

"Usizitupe ovyo," mama alimwonya. "Zianike kwenye saruji zikauke kabisa, kisha tutazichoma. Ukiikata ndago kwa jembe, umeizidisha. Na sikiliza: mimi nina zamu. Kitalu hiki ni chako. Kikistawi ni wewe, kikifa ni wewe."

Sasa kilikuwa kimekufa, na Chiriku alijua ni nani wa kulaumiwa. Usiku ule hakuwaza habari ya kupanda upya. Aliwaza habari ya ndoo.

Jumanne Miwani alimpeleka babu yake kliniki. Chiriku alifika bustanini akiwa na kopo tupu la maziwa. Ndago zilikuwa bado ndooni, hazijaanikwa. Za juu zilikuwa zimeanza kukauka, kwa hiyo alichimba hadi kwenye zile nono zenye unyevu. Alijaza kopo hadi juu.

Tuta la karoti la Miwani lilikuwa laini kama unga, limepandwa juzi tu, mistari yake imenyooka kama ya rula. Chiriku alitoboa mashimo kwa kidole, mstari kwa mstari, akadondosha punje na kufukia. Kwenye kona alidondosha tatu tatu. Alipomaliza alichukua kopo la kumwagilia, akanywesha tuta zima vizuri, taratibu, kama muuguzi.

"Kunywa, mpenzi," aliliambia tuta. "Kunywa ukue."

Jumatano darasani alimtazama Miwani kisogoni akatabasamu somo zima la hesabu. Akilini alimwona akipalilia mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Alimwona babu yake akitikisa kichwa. Mwalimu alimuuliza mara mbili kilichomfurahisha. Alisema ni hesabu za sehemu.

Alhamisi mama hakuwa na zamu. Alifika kitaluni amekunja mikono ya gauni, akaing'oa miche mmoja mmoja. Kisha akatumbukiza mkono mzima kwenye udongo na kuutoa haraka.

"Udongo huu una joto. Umeweka nini?"

"Samadi ya kuku."

"Najua ni samadi, pua ninayo. Ya lini?"

"Ya Jumamosi. Nilichukua kwa yule mama anayefuga kuku, akaikusanya bandani mbele yangu."

"Ukapanda lini?"

"Siku hiyo hiyo." Sauti ya Chiriku ilishuka. "Nilitaka kabichi zangu zimpite Miwani."

"Ndoo ngapi?"

"Kumi."

"Tuta moja?"

"Tuta moja, mama."

Mama alipangusa mkono kwenye majani. "Hakuna aliyekuja hapa usiku na sumu. Umeipika mwenyewe. Samadi mbichi ya kuku ni kali. Inaunguza mizizi. Inachanganywa na majani makavu, inaachwa wiki nyingi ioze, ipoe, iache kunuka, ndipo inaingia shambani. Na hata hapo si ndoo kumi. Ungeniuliza ningekwambia, lakini wewe ulikuwa unashindana."

Chiriku alitazama upande wa pili wa kamba. Tuta la karoti lilikuwa tulivu, limelowa, halisemi lolote. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, kesho saa kumi huenda Miwani akatolewa, na namba kumi na tano ikabaki tupu. Alishtuka kuona kwamba wazo hilo bado lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu, halafu likageuka chungu.

"Mbona kimya?" mama aliuliza. "Chiriku akinyamaza kuna jambo."

Akasema yote: kopo, mashimo, punje tatu tatu kwenye kona. Alipofika kwenye kumwagilia, mama alifumba macho.

"Hata maji ukazipa!"

"Mama, ukimweleza Bi Funguo vizuri…"

"Mimi? Mimi sikupanda ndago. Wala usinililie mimi, mimi si mwenye karoti." Mama alisimama. "Mambo ni haya. Ukisema, tunaweza kukipoteza kitalu, na jasho langu limo humu. Ukinyamaza, mwenzako anatolewa kwa kosa lako. Siendi badala yako, na sitakuombea. Ila najua ninalolitaka, na wewe unalijua."

Chiriku alijipangusa mikono kwenye sketi. Hakungoja kesho. Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Bi Funguo, ambako Miwani alikuwa akirudisha reki.

"Bi Funguo, shikamoo. Miche yangu niliiua mwenyewe kwa samadi mbichi. Miwani hakufanya kitu. Mimi ndiye niliyefanya. Nimepanda ndago kwenye karoti zake. Kopo zima."

Reki ilianguka. Miwani alitoka mbio, nao wakamfuata. Walimkuta amepiga magoti, amefukua kiganja cha udongo. Ndani yake mlikuwa na punje nne, na moja ilikuwa imetoa kichipukizi cheupe.

Alisimama, akainua mkono wenye punje juu ya udongo safi wa namba kumi na nne. "Na mimi nikizirusha kwako?"

"Rusha," Chiriku alisema. "Ni haki yako."

"Rusha tu," mama alidakia kutoka upande wa pili wa kamba. "Yeye atakurudishia, na wewe utamrudishia. Mwakani mtakuwa na ndago ninyi wawili, na hakuna mwenye karoti wala kabichi. Kisasi alikipanda kwa dakika kumi. Kukichimbua ni miezi, na anayechimbua hana hata jani la kupeleka nyumbani. Hiyo ndiyo faida yake yote."

Miwani aliyatazama matuta yote mawili. Kisha akazitumbukiza punje mfukoni mwake.

Bi Funguo alikohoa. "Sheria ni sheria. Aliyeharibu anatoka. Lakini kilichoharibiwa ni chako, Miwani, kwa hiyo nakuuliza wewe. Atoke?"

"Asitoke!" Miwani alijibu kwa ukali. "Akitoka, nani atachimbua ndago hizi? Mimi? Na magoti ya babu? Abaki. Awe hapa kila siku baada ya shule, achekeche tuta lote, kisha azifuate zinazochomoza, hadi isichomoze hata moja. Na karoti apande upya, kwa mistari iliyonyooka. Nitasimama hapa nikimtazama."

"Umesikia?" Bi Funguo alimgeukia Chiriku. "Siku utakayokosa bila sababu, naleta mtu mwingine namba kumi na nne."

"Nimesikia. Naanza sasa."

"Anza," mama alisema, akamkabidhi chekeche. "Mimi naanza kuitoa samadi yako. Ukweli umekubakizia kitalu, mwanangu. Bidii ndiyo itakayokilinda."

Chiriku alipiga magoti kwenye tuta la karoti, akajaza koleo la kwanza, akalichekecha. Udongo ulipita. Punje nyeusi ikabaki, inang'aa.

"Moja," alisema Miwani, amekunja mikono kifuani. "Endelea."