Suti ya Meneja wa Maji

Kila asubuhi dobi alianza kazi kwa kusikiliza bomba. Alifungua koki ya uani, akainama, akatega sikio. Bomba likikohoa, maji yanakuja. Likinyamaza, hakuna kazi.

Siku hiyo lilinyamaza.

"Usilikodolee macho, halikuoni," mkewe alimwambia. Alikuwa ameshika madumu mawili. Bega lake la kulia lilikuwa limevimba tena. "Nipishe nikapange foleni kwenye boza."

Boza ni gari la tangi linalouza maji. Bomba lilipokauka, boza lilifika. Dereva wake aliitwa Tairi, mtu mnene, mcheshi, aliyepiga honi kama anayeleta bibi harusi. Leo alishuka na suti nyeusi mkononi.

"Dobi! Kazi ya heshima hii. Meneja ameteuliwa kuwa mkuu wa maji wa nchi nzima. Wiki ijayo kamati ya Bunge inamhoji. Anataka suti ing'ae mpaka wabunge wajitazame humo."

Meneja alikuwa mkubwa wa ofisi ya maji ya mji huo. Dobi alikuwa amemfulia nguo kwa miaka mingi.

"Nitaifua kwa maji gani?" dobi aliuliza.

"Haya yangu. Nitakuuzia."

Tairi alicheka peke yake.

Jioni dobi alikaa mbele ya meza ya pasi bila kupiga pasi. Dirisha la duka lake lilitazama ua wa ofisi ya maji. Katika ua huo palikuwa na koki kubwa. Kupitia dirisha hilo alikuwa ameona jambo moja tena na tena. Mji ukikauka, boza linajaza maji pale pale, kwenye koki ya umma. Na mke wa Meneja huja mwenyewe kuwalipa madereva.

"Twende tena kwa mbunge," mkewe alisema. "Tukaombe tangi."

"Tumeomba mpaka mlinzi wake anatuita ndugu."

Mlangoni palikuwa na jirani yao. Watu walimwita Bi Karani, kwa sababu alifanya kazi katika ofisi ya kamati za Bunge. Alikuwa amefuata blauzi zake.

"Ndiyo kosa letu mtaa mzima," alisema, akakaa juu ya kikapu cha nguo bila kukaribishwa. "Tunamwomba mbunge tangi, jeneza, viti vya msiba, kama vile ni mjomba wetu. Kugawa matangi si kazi yake. Kazi yake ni kuiuliza serikali kwa nini bomba ni kavu."

"Basi aiulize," dobi alisema. "Mimi nimechoka, dada yangu."

"Atauliza nini asichokijua? Serikali ikitaka kumpa mtu cheo kikubwa kama hiki, jina hupelekwa Bungeni kwanza. Kamati hulitangaza, na wananchi huombwa kutoa maoni kabla mtu hajahojiwa. Hukusikia redioni?"

"Nilisikia. Nikadhani ni kwa ajili ya wasomi."

"Ni kwa ajili ya mwenye macho."

Mke wa dobi alivuta kiti. "Kaa uandike, baba. Andika kwamba huyo mtu ni mwizi. Ana nyumba tatu. Na mkewe anatembea kama amemeza fimbo."

Bi Karani alicheka, kisha akatikisa kichwa. "Shoga, ulimwona akiiba?"

"Kila mtu anajua!"

"Hilo halisaidii. Kamati haiwezi kumuuliza mtu uvumi. Andikeni mlichokiona wenyewe. Mahali gani, wakati gani, nani alikuwepo. Mwandishi aweke jina lake na sahihi yake. Hizo nyumba ziacheni. Na hilo la fimbo pia."

"Hebu tuandikie wewe," dobi alisema. "Una mwandiko mzuri."

"Siwezi, kaka. Ofisi yangu ndiyo inayopokea maoni hayo. Na kesho nitamwambia mkubwa wangu kwamba wewe ni jirani yangu, ili karatasi yako ishughulikiwe na mwenzangu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa na uhusiano na jambo unalolisimamia, unasema mapema, mbele ya watu. Meneja naye alitakiwa kusema kama familia yake inauza maji. Kama hakusema, wabunge wana haki ya kujua."

"Na wakimpitisha hata hivyo?"

Bi Karani alikunja blauzi zake taratibu. "Wanaweza. Nimeona wakipitisha watu ambao mimi nisingewaachia hata ufunguo wa choo. Lakini swali litakuwa limeulizwa hadharani, na jibu litawekwa katika kumbukumbu."

Bi Karani aliondoka. Dobi alitazama suti, aliyoifua kwa maji ya Tairi, ikining'inia.

"Nikiweka jina langu, tumempoteza mteja," alisema. "Labda na duka pia. Kibali chake kinatoka ofisi za mji, na wakubwa wanajuana."

Mkewe alisimama. Alijaribu kuinua mkono wa kulia afunge dirisha. Mkono uliishia kifuani. Akafunga kwa mkono wa kushoto.

Dobi alichukua kalamu.

Hakuwa na mengi ya kusema. Aliandika habari za koki, boza na malipo ya madereva. Akaandika jina lake na kazi yake, akatia sahihi, akaikunja karatasi ya kupeleka kesho ofisi ya kamati. Kisha aliwasha mkaa wa pasi, akainyoosha ile suti vizuri kabisa, kola na mikunjo. Kazi ni kazi.

Siku ya mahojiano waliwasha redio dukani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu, kama mama aliyeamka mapema mno.

"Tumepokea maoni ya mwananchi, dobi kwa kazi yake. Magari yanayochota maji kwenye koki ya ofisi yako ni ya nani?"

"Ya kampuni binafsi, mheshimiwa."

"Ya nani?"

Redio ilinyamaza kama bomba.

"Ya mke wangu."

"Ulilitaja hilo katika tamko lako la mali na maslahi?"

"Sikuona umuhimu wake."

"Maji yakitoka bombani kila siku, nani atanunua ya mkeo?"

Ilisikika glasi ikigonga meza.

"Kunywa tu," mwenyekiti alisema. "Hayo ni ya bomba."

Mke wa dobi alicheka mpaka akashika bega.

Kamati ilikataa kulipitisha jina lake. Serikali ikaleta jina jingine, nalo likahojiwa vivyo hivyo. Kufuli iliwekwa kwenye koki kubwa. Ratiba ya maji ilibandikwa ukutani, ili kila mtu ajue zamu ya mtaa wake. Maji hayakuja kila siku. Yalikuja siku zilizoandikwa. Kibali cha duka kilichelewa sana kutoka, na dobi alizungushwa huku na huko mpaka viatu vikaisha. Mwishowe alikipata.

Mchana mmoja Tairi alikuja kwa miguu. Mkononi alikuwa na suti nyeusi.

Dobi alisimama. "Meneja anajua ni mimi niliyeandika?"

"Anajua. Hataki hata kukuona. Lakini alijaribu dobi mwingine, akamuunguzia shati." Tairi alikwepa macho yake. "Amesema uitoe jasho."

Dobi aliigeuza suti. Bitana ya kwapani ilikuwa imekauka kwa chumvi nyeupe. Alitoka nayo uani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono yake mapajani. Madumu yalikuwa yamepangwa kando, makavu.

Dobi alifungua koki. Bomba lilikohoa mara moja, kisha likajaza beseni.