Shimo Lisilojaa

Jamaa zangu, kijiji ninachokisimulia kipo kusini ya Unguja, kabla hujafika Makunduchi. Jina lake nalisitiri, kwani waliohusika wangali hai na mmoja wao tunasali naye msikiti mmoja. Kilikuwa kijiji kitulivu. Kila asubuhi wanawake walishuka na ndoo kwenye pango la maji, wakachota, wakapanda ngazi za mawe huku wakitaniana. Bomba lilikuwapo, lakini mota yake iliungua kila baada ya miezi michache, na pango halikuwahi kuungua.

Mwanakheir na shoga yake Salhiya walishuka pamoja tangu wangali wasichana. Salhiya ndiye aliyetangulia siku zote, kwa sababu Mwanakheir aliogopa popo. Na kabla hajajaza ndoo, Salhiya alikuwa na mazoea yake: huteka maji kwa viganja, akanywa, akasema, "Alhamdulillah, haya ndiyo maji."

Mume wa Mwanakheir, Shaame, alikuwa mwashi, tena mwashi wa sifa. Alipojenga nyumba mpya alitaka choo cha ndani chenye vigae, kama vya mjini. Wakachimba shimo kwenye jabali nyuma ya nyumba. Siku ya tisa mtaimbo ukapenya, chini kukabomoka, ukabaki mwanya mweusi unaotoa upepo wa baridi. Shaame akamwaga ndoo ya maji. Yakatoweka. Akamwaga nyingine. Mwanakheir akainama kuchungulia, na kopo la buluu alilolishika likamponyoka. Walisubiri kulisikia likitua. Hawakulisikia.

"Bahati iliyoje!" Shaame akapiga kofi. "Bibi wee, hili halijai mpaka Kiyama. Gari la kunyonya vyoo litapita hapa likitusalimia tu."

Na kweli halikujaa. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wageni wa sikukuu juu yake. Wanaume walikuja kulitazama wakampongeza mwenye nyumba. Hakuna aliyeuliza yale yaliyoingia mle yanakwenda wapi. Msiwacheke. Nani kati yetu anauliza? Mwanakheir tu ndiye hakuwa na raha. Kila akimwaga maji msalani alisikia chini kama mtu anavuta pumzi, akatoka haraka.

Masika ya mwaka wa tatu yalikuwa makali, maji ya pangoni yakapanda ngazi mbili. Asubuhi moja Salhiya alikwisha kunywa, akatangulia juu na ndoo yake. Mwanakheir alikuwa akiteka peke yake, kitu kikamgonga mkononi. Lilikuwa kopo la buluu. Mkono wa kopo ulipasuka zamani, ukafungwa kwa mshipi wa kuvulia wa kijani, mafundo matatu. Mafundo yale aliyafunga mwenyewe.

Alijua pale pale kopo lile limetoka wapi, na limekuja pamoja na nini.

"Mwanakheir!" Salhiya aliita kutoka juu. "Umelala huko?"

"Naam! Nnakuja!"

Akalificha kopo ndani ya kanga. Hapo ndipo alipokosea, jamaa zangu. Kuona hakukuwa kosa lake. Kuficha kulikuwa lake mwenyewe. Alifikiria mumewe mwashi wa sifa, akafikiria kijiji kizima kikijua kimekunywa nini, akaona haya kuliko alivyoona hofu. Alipomweleza Shaame, mume akasema, "Makopo ya buluu yako mangapi Unguja hii? Usinifedheheshe." Kopo likawekwa chini ya kitanda. Mwanakheir akampigia simu mwanawe Suhaib, aliyekuwa akifanya kazi Mji Mkongwe, amletee madumu ya maji ya dukani kila akija shamba, kijijini kwao.

"Tumbo langu halitaki tena maji ya pango," aliwaambia watu.

Salhiya alicheka mpaka akashika mlango. "Shoga, ushakuwa mtalii? Kesho tutakuona na kofia ya jua!"

Mwanakheir akacheka naye. Zaidi ya mara moja alifungua kinywa amwambie, akaishia kuuliza habari za watoto.

Wiki mbili hazikutimia, tumbo la kuendesha likaushika mtaa. Watoto wawili walilazwa wakapona. Salhiya alisema litapita lenyewe, akaendelea kunywa maji yale yale ili apate nguvu. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani. Alifia njiani kwenda hospitali.

Wakamrudisha nyumbani kwake. Mkosha maiti alikuwa Bi Wanu, mwanamke wa umri mkubwa na mikono ya upole. Bashira, binti wa marehemu, alishika kichwa cha mamake. Ndoo nne za maji zilipangwa ukutani, zimetekwa pangoni asubuhi ile.

"Mwanakheir, wewe ndiye mwenzake," alisema Bi Wanu. "Mimina, mwanangu."

Mwanakheir akatia kata ndani ya ndoo. Akaisikia sauti ya Salhiya, wazi kama ilivyokuwa kila asubuhi: Alhamdulillah, haya ndiyo maji. Kata ikamdondoka.

"Msimkoshe kwa maji haya."

"Una nini, mwanangu?"

"Yametoka chooni kwangu."

Akaenda mbio nyumbani, akarudi na kopo mkononi, nyuma yake wanawake wawili wamebeba madumu ya Suhaib. Akaeleza yote akimtazama Bashira. Bashira hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua kubwa."

"Ukanunua yako."

Salhiya akakoshwa kwa maji ya dukani, maji yale yale aliyoyacheka na ambayo yangemwacha hai.

Baada ya maziko watu walikaa barazani msikitini na kopo likawekwa katikati. Shaame alisimama akane. Akayatazama yale mafundo ya kijani, akakaa chini akilia. Kisha mzee mmoja, Ubwa, akasema kwa sauti ndogo, "Na langu halijai." Mwingine akainua mkono. "Na langu." Walipomaliza, nyumba zilikuwa kumi na moja. Kila mmoja alikuwa akijiona ana bahati peke yake.

Mabadiliko hayakuwa mepesi. Wapo waliosema pango lina wenyewe wasioonekana na litajisafisha, wapo waliotaka Shaame ahame. Lakini Shaame alivunja choo chake kwa mkono wake, akaziba mwanya, akajenga karo la zege lenye sakafu na kuta, kisha akaenda nyumba kumi zilizobaki kufanya vile vile bila ujira. Msikiti ukawekewa tangi la mvua. Wanawake wakatunga utaratibu wao: shimo jipya halifunikwi mpaka wao waje walijaze maji na yalale humo usiku kucha bila kupungua. Kijiji kilichopongeza shimo lisilojaa sasa kinapongeza linalojaa.

Pango likafungwa. Kila mwezi Bashira hushuka kuchukua chupa moja ya maji, akaipeleka mjini kupimwa. Mwaka wa tatu huu. Mwanakheir huenda kwake kuuliza majibu, na hukaa karibu na mlango, kwani nyumba ile bado ina sauti ya Salhiya.

"Bado hayafai," husema Bashira.

Kisha huteka maji ya tangi kwa gilasi, akamkabidhi, akasimama mbele yake na gilasi yake mwenyewe mkononi.

"Anza wewe, mama."

Mwanakheir hunywa mpaka tone la mwisho. Hapo tena ndipo Bashira hunywa.

Mafunzo

Ndugu zangu, uchafu uliotoweka machoni mwetu haujaondoka; umekwenda kwa mtu mwingine. Tunaishi juu ya jabali moja lenye matundu, na chini yake sote tuna maji mamoja. Tukitaka wajukuu wetu wayakute, makaro ya zege na matangi ya mvua ni lazima, lakini hayatoshi. Kijiji hiki hakikubadilika kwa saruji. Kilibadilika siku mtu mmoja aliposema aibu yake mbele ya watu, na wengine wakapata ujasiri wa kusema yao. Ulijualo na linamdhuru jirani yako, mwambie leo, angali anaweza kukujibu.