Makumbusho Tutaingia Pamoja

Mvua ya Kakamega haina adabu. Hunyesha alasiri, soko likiwa limefurika. Ndivyo Willis alivyojikuta chini ya mwavuli wa muuza mitumba, bega kwa bega na msichana wa gauni la manjano aliyejifunika nywele kwa kijitabu cha watalii.

"Dada, unajikinga mvua na mji wa maji?" akamtania, akiitazama picha ya mfereji juu ya kichwa chake.

"Hii ni Amsterdam. Mimi huuzanga tikiti za ndege, na ndege yenyewe sijapanda."

Willis akacheka. Mwezi uliofuata alikuwa anakwenda mji huohuo, kusomea uhandisi wa maji kwa mwaka mmoja. Navalayo, ndilo jina lake, akamkaribisha ofisini.

Alikuja kila jioni, hata baada ya kupata tikiti. Navalayo alikunjua ramani mezani, kucha zake nyekundu zikitembea juu ya mifereji. "Hapa ni Dam, penye kasri na njiwa. Hii ni Leidseplein, vijana hucheza ngoma barabarani. Na hapa Museumplein, uwanja wenye makumbusho makubwa."

"Viwanja nitazunguka, mpenzi. Makumbusho tutaingia pamoja. Nikishakuoa nitakupeleka."

"Usinidanganye, Willis."

"Nikuapie?"

Jumapili ya mwisho Willis alikwenda kwa kina Navalayo, Khayega, peke yake, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Mama yake Navalayo akapika ingokho, kuku wa kienyeji. Willis akapekua bakuli kwa kijiko: mapaja yapo, shingo ipo, imondo haipo. Kila kijana wa huku anajua kwamba firigisi hiyo ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Akameza tonge la obusuma pamoja na uchungu wake, akaaga. Kuuliza si ujinga, lakini kiburi kilimziba mdomo. Alipotua Ulaya akabadilisha namba, akawapa watu wa kwao tu.

Mwaka ulikuwa unaelekea kuisha Shangazi Roda alipompigia.

"Wewe, kwa nini ulimwacha yule mtoto wa Khayega?"

"Senge, walininyima imondo."

"Ulienda na nani?"

"Peke yangu."

"Sasa wangekupa aje? Kwao mkwe hupewanga imondo siku anakuja na wajomba. Hiyo kuku ilikuwa ya mgeni tu. Si ungeuliza?"

Willis, aliyekuwa akikatiza Museumplein, akasimama. Akampigia Navalayo palepale.

"Ni mimi. Nilikosea, nisamehe. Niko Museumplein. Mwaka mzima napita hapa na sijaingia. Nilikuahidi."

Kwa mbali alisikia mvua ikipiga mabati ya Kakamega.

"Mimi pia nilingoja," Navalayo akasema. "Nilipiga ile namba yako mpaka nikachoka. Mwezi wa nne Sifuna alikuja na wajomba zake. Mama akampakulia imondo, akakula."

"Unampenda?"

"Kitu haelewi, yeye huuliza, Willis."

Willis akageukia ukuta wa makumbusho, machozi yakimtoka mbele za watu. Alijuta, na majuto hayakuwa na pa kwenda.

"Ingia basi," Navalayo akasema polepole, kama alivyozoea kuwaambia wateja wake. "Hufunga saa kumi na moja."

Akaingia. Alisimama mbele ya picha nyingi jioni ile, na hakuna hata moja anayoweza kukusimulia.